Hotuba ya dakika 20 mbele ya kamera: Trevor Griffiths aliachaje jukwaa bila kuacha siasa

Swali: "Nimeandika tamthilia ya jukwaani kuhusu mgomo wa Mombasa wa Januari 1947. Inachukua saa moja na nusu na tumeionyesha mara sita. Sasa kuna prodyuza anataka niigeuze iwe mfululizo wa runinga wa sehemu 13, lakini sharti lake ni kwamba 'siasa ipunguzwe'. Rafiki yangu ananiambia nimtazame Mwingereza aitwaye Trevor Griffiths, kwamba aliyapitia haya. Je, naye aliuza msimamo alipoingia kwenye runinga na filamu? Na ile hotuba ndefu ya kiongozi wa mgomo pale Kiwanja cha Maskini, ambayo ndiyo roho ya tamthilia yangu, niifanyeje?" (Msomaji wa Likoni)

Jibu: Hakuuza, dada. Lakini kuna wakati aliandika kitu kikubwa kikamtoka mikononi, na kuna nyakati aliandika vikubwa vilevile akabaki navyo neno kwa neno. Wewe sasa umesimama kwenye njia panda hiyohiyo. Kilichotofautisha si kwamba hili lilikuwa jukwaa na lile runinga. Ni nani alikuwa na haki ya kuugusa mswada baada ya yeye kuukabidhi.

Griffiths alizaliwa 1935 huko Ancoats, mtaa wa wafanyakazi mjini Manchester, akafariki Machi 2024. Alisoma Kiingereza chuo kikuu, akafundisha, kisha akawa ofisa elimu wa BBC mjini Leeds hadi 1972. Kwa hiyo hakuingia kwenye runinga akiwa mgeni. Alijua karatasi hupita meza zipi na ni nani mwenye uwezo wa kusema hapana. Wanaosimulia kwamba alianza safi jukwaani kisha akateremka kwenda kwenye runinga wanasahau hilo.

Tamthilia iliyomtoa ni Occupations, ya mwaka 1970, ambayo mwaka uliofuata ilichukuliwa na Royal Shakespeare Company. Tuko Turin, Italia, Septemba 1920. Wafanyakazi wameteka viwanda, vya Fiat vikiwemo. Antonio Gramsci, kiongozi wa mrengo wa kushoto wa Italia, anataka mapinduzi lakini hawezi kuwapeleka watu kufa kwa hesabu tu. Kabak, mjumbe wa siri kutoka Moscow, kazi yake ni hesabu. Angalia alivyowapanga: wote wawili ni wa mrengo mmoja. Mwandishi mchanga angemsimamisha Gramsci mbele ya bepari, bepari akapewa maneno ya kipumbavu, ukumbi ukapiga makofi. Griffiths aliuweka ubishi ndani ya nyumba moja, kila upande akaupa hoja yake bora, na mtu wa Fiat alipoingia alikuwa na adabu, akili na mipango ya miaka mingi mbele.

Ipime tamthilia yako kwa kipimo hicho kabla ya jingine lolote. Bosi wa bandari anapozungumza, kuna hata mara moja ambapo mtazamaji aliye upande wa makuli anajikuta akisema moyoni "hapo kweli"? Kama hakuna, basi huenda prodyuza anaita siasa kitu ambacho kwa kweli ni mahubiri. Watu wa runinga wakati mwingine huwa na hoja, tatizo ni kwamba hawajui kuisema.

Sasa hotuba. Mwaka 1973 National Theatre ya London ilionyesha The Party, tamthilia ambayo Griffiths aliombwa kuiandika baada ya Occupations. Ni nyumbani kwa prodyuza wa runinga, Mei 1968. Paris inawaka, wao wamekaa sebuleni London wanajadili kuunda chama cha mapinduzi. John Tagg, mzee kutoka Glasgow aliye mfuasi wa mwanamapinduzi wa Urusi Leon Trotsky, anasimama na kuzungumza kwa takriban dakika 20 mfululizo. Aliyeigiza nafasi hiyo ni Laurence Olivier, mwigizaji mashuhuri wa Uingereza, na ndiyo ikawa nafasi yake ya mwisho jukwaani. Dakika 20 za nadharia ya siasa, hakuna wimbo, hakuna bastola.

Inasimama kwa sababu ya mambo mawili ambayo msomaji wa haraka huyapita. Kwanza, Tagg hafungui mjadala, anajibu. Kabla yake mhadhiri aitwaye Ford ametoa maelezo yake marefu kwamba mapinduzi sasa yatatoka kwa watu wa Dunia ya Tatu na si kwa mfanyakazi wa Ulaya, na ameyatoa vizuri kiasi kwamba unahitaji mtu wa kumjibu. Pili, wasikilizaji wa Tagg pale sebuleni ni watu wenye nyumba nzuri na kazi za maana. Kila neno lake linawahukumu, na wanajua. Hotuba ndefu hubebwa na wanaoisikiliza. Ukiwa na kiongozi anayezungumza na umati unaokubaliana naye tangu sentensi ya kwanza, hata dakika tatu ni nyingi.

Kwa nini basi mtu aliyefika National Theatre, tena na Olivier, akageukia runinga? Piga hesabu. Ukumbi wa Old Vic, ambako The Party ilionyeshwa, unachukua watu wapatao 1,000. Chukulia kipindi cha runinga kimetazamwa na watu milioni 5, jambo la kawaida Uingereza ya wakati ule yenye chaneli tatu tu. Kuwafikia watu hao kwa jukwaa ungehitaji kujaza Old Vic usiku 5,000, karibu miaka 14 bila kupumzika. Tena wanaokata tiketi ya National Theatre si watu wa Ancoats. Griffiths alikuwa na msemo wake juu ya hili: kupenya kimkakati. Unaingia kwenye chombo kinachomilikiwa na wengine, unatumia aina ya hadithi ambayo watu wameizoea, na unapitisha ndani yake swali ambalo chombo chenyewe kisingeliuliza.

Hapo mimi sikubaliani naye kabisa, na kwako wewe wa Mombasa tofauti ni muhimu. Mwaka 1977 kule Kamiriithu, Limuru, tamthilia ya Kikuyu Ngaahika Ndeenda iliondolewa kibali wiki chache tu baada ya kuanza, na mmoja wa waandishi wake wawili, Ngũgĩ wa Thiong'o, akawekwa kizuizini mwisho wa mwaka huohuo. Ukumbi wa wazi uliojengwa na wanakijiji wenyewe ulitisha kuliko kipindi chochote cha runinga, kwa sababu watu walikuwa pamoja, wanaonana nyuso, na wengine wao ndio waliokuwa waigizaji. Idadi ya macho si kipimo pekee. Kwa hiyo usiiache tamthilia yako ya jukwaani ikafia kabatini eti sasa uko kwenye runinga.

Tuje kwenye "punguza siasa". Desemba 1975 BBC ilionyesha Through the Night katika mfululizo wake wa Play for Today. Mwanamke anaingia hospitalini kwa kipimo cha uvimbe kwenye titi. Anaamka titi halipo. Hakuna aliyemwandaa kwa hilo, na madaktari wanapopita kitandani kwake wanazungumza juu ya kichwa chake kana kwamba ni samani. Daktari mmoja tu, Pearce, anakuja baadaye kukaa naye na kuzungumza naye kama mtu mzima. Hakuna chama, hakuna bango, hakuna mtu anayetamka neno "tabaka". Lakini mtazamaji anamaliza akiwa na swali la kisiasa kabisa: mwili wangu ni wa nani nikishavua nguo zangu na kuvaa za hospitali? Prodyuza gani angesema hiyo ina siasa nyingi?

Kwa hiyo anapokuambia upunguze siasa, muulize kwa upole anamaanisha nini, umwombe akuonyeshe kurasa. Utakuta anazungumzia mojawapo ya mambo matatu. Kuna majina ya vyama na watu walio hai, na hayo katika hadithi ya 1947 ni machache. Kuna mistari ambayo wahusika wanaelezana mambo wanayoyajua tayari ili mtazamaji asikie. Hiyo iondoe hata asipokuambia. Na kuna mgongano wenyewe wa nani anamlipa nani na kiasi gani. Huo ukiuondoa huna hadithi, na hapo ndipo unasema hapana. Mbili za mwanzo zimpe, tena mpe mapema, kabla hajazoea kukata.

Mfululizo wa sehemu 13 ni jambo lingine, na hapa wengi wa jukwaani huanguka. Griffiths aliandika Bill Brand, sehemu 11 zilizorushwa na kampuni ya runinga ya Thames mwaka 1976, kila moja ikijaza saa nzima ya ratiba pamoja na matangazo, na aliziandika zote peke yake. Jack Shepherd aliigiza mbunge wa mrengo wa kushoto wa chama cha Labour anayeingia bungeni kwa uchaguzi mdogo. Ilirushwa miezi michache baada ya Waziri Mkuu Harold Wilson kujiuzulu kweli na chama kuchagua kiongozi mpya, na ndani ya mfululizo nako kulikuwa na kinyang'anyiro cha uongozi wa chama. Huwezi kuwa na siasa nyingi kuliko hapo. Mbona ilikubalika? Kwa sababu siasa ndiyo ilikuwa kazi ya mhusika, kama vile daktari alivyo na wagonjwa. Kila wiki chama kinamtaka apige kura upande huu, dhamiri inamvuta upande ule, na nyumbani ndoa yake inakatika. Injini haizimiki.

Mgomo wako una kasoro moja ya kimuundo: unaisha. Mgomo wa 1947 ulikuwa wa siku chache tu. Jukwaani hilo ni faida, unapata mwanzo, kilele na mwisho ndani ya dakika 90. Katika sehemu 13 mgomo utakutosha kwa sehemu nne, ukiuvuta sana tano, na kuanzia ya sita waigizaji watakuwa wanatembea huku na huku wakisema walichokwisha kusema. Unahitaji kitu kinachozaa matatizo mapya kila wiki bila wewe kuyabuni kwa nguvu. Historia imekupa. Wakati wa mgomo lilizaliwa shirikisho la wafanyakazi, African Workers' Federation, likiongozwa na Chege Kibachia, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amekamatwa na kuondolewa Mombasa. Ofisi ya chama cha wafanyakazi ndiyo injini yako: kila anayegonga mlango analeta kesi. Kuli aliyevunjika mguu. Mama muuza mahamri ambaye wateja wake wote wanakula kwa deni. Karani anayejua hesabu za mishahara na anaogopa. Mgomo uweke mwishoni mwa theluthi ya kwanza, halafu utupe gharama yake katika sehemu zilizobaki.

Gharama hiyo ionyeshe kwa vitu. Daftari la madeni la duka la mtaani linaweza kubeba nusu ya mfululizo. Siku ya kwanza ya mgomo mwenye duka anaandika bila kuinua macho. Siku ya tano anaanza kuuliza "lini?" Siku ya tisa daftari limefungwa, kalamu imelala juu yake, na mtoto aliyetumwa sukari amesimama tu pale dirishani. Hilo ni onyesho la sekunde 40 lisilo na neno moja la siasa, na mtazamaji anaelewa mgomo ni nini kuliko hotuba yoyote.

Hata hivyo hotuba yako usiitupe. Iandae hivi. Isome kwa sauti ya kawaida na saa mkononi. Ukurasa mmoja wa mswada wa filamu uliopangwa inavyotakiwa huenda kama dakika moja, kwa hiyo utajua haraka inakula kurasa ngapi. Kisha chukua kalamu na upige mstari kila mahali ambapo msemaji anabadilisha anachokitaka kutoka kwa wasikilizaji. Si pale anapobadilisha mada. Pale anapoacha kuwatuliza na kuanza kuwatia aibu, anapoacha kuwatia aibu na kuanza kuwaomba. Hotuba ya dakika sita huwa na vipande vinne hadi saba vya namna hiyo. Ukipata kimoja tu, basi una insha, na hakuna muongozaji atakayeiokoa.

Kwa kila kipande mchague msikilizaji mmoja, mwenye jina, anayeweza kupata au kupoteza kitu kwa maneno yale. Kamera itakaa kwake. Msemaji anapoahidi kwamba hakuna atakayerudi kazini peke yake, sisi tunamwona yule ambaye tayari amekubaliana na msimamizi kurudi kesho alfajiri. Hapo hotuba inageuka tukio. Takwimu za mishahara zitoe mdomoni zihamie kwenye vitu: karatasi ya malipo inayopitishwa mkono kwa mkono, mtu anayehesabu kwa vidole. Bakiza sentensi ambazo hakuna mhusika mwingine angeweza kuzisema. Mara nyingi dakika sita za jukwaa hubaki mbili na nusu, na hazipungui nguvu.

Makosa mawili yanajirudia. La kwanza ni kuigawa hotuba kwa watu wanne ili "isiwe ndefu": sasa una watu wanne wenye sauti moja. La pili ni kuifunika kwa picha za kumbukumbu na muziki wa kuhuzunisha, maana muongozaji ameogopa ukimya. Likatae hilo la pili kwa maandishi, kwenye mswada wenyewe: "Tunabaki kiwanjani."

Kuna hasara moja ambayo hakuna ufundi utakaoizuia, na Griffiths aliijua. Katika tamthilia yake maarufu kuliko zote, Comedians, iliyoanzia Nottingham mwaka 1975 chini ya muongozaji Richard Eyre, wanaume kadhaa wanasomea uchekeshaji darasa la jioni katika shule moja mjini Manchester. Saa ya ukutani ni saa ya kweli, inakwenda na muda wa watazamaji. Mwalimu wao, Eddie Waters, anawafundisha kwamba kichekesho lazima kiseme ukweli ambao watu wanaukwepa. Katika sehemu ya pili wanakwenda klabu kujaribiwa mbele ya wakala, Challenor, ambaye amewadokeza kwamba wampe mteja anachotaka. Na pale jukwaani, mbele ya macho yetu, baadhi yao wanageuza maonyesho yao katikati na kuanza vichekesho vya kudhalilisha Waayalandi, Waasia, wanawake. Wacheshi wawili walio ndugu wanavurugika kabisa kwa sababu mmoja amegeuka na mwenzake hakujua. Ukumbini watazamaji wanacheka, halafu wanajisikia wakicheka. Wanageuzwa kuwa wateja wa klabu ile bila kuombwa ruhusa. Wanaopewa mkataba mwishoni ni wawili kati ya waliogeuka. (Anayesikiliza vichekesho vyetu vya kabila hili na kabila lile hahitaji kuelezwa zaidi.)

BBC iliirekodi Comedians mwaka 1979. Maneno yalikuwepo, waigizaji wazuri walikuwepo, lakini mtu wa nyumbani kwenye kochi si mteja wa klabu. Anatazama watu wakitazama vichekesho. Mtego haufungi. Kiwanja cha Maskini jukwaani kina nguvu kwa sababu watazamaji wako wenyewe ndio umati wa makuli. Kwenye kioo watakuwa wanautazama umati. Ndiyo maana nakuambia usiutegemee umati kabisa. Watu 30 waliosongamana karibu na lenzi, na kelele za umati zilizorekodiwa pembeni, hufanya kazi kuliko 300 waliotawanyika kwenye picha pana, na gharama ya chakula cha mchana peke yake itakuambia tofauti.

Sasa pale alipopoteza. Katikati ya miaka ya 1970 mwigizaji Warren Beatty alimtaka aandike filamu juu ya John Reed, mwandishi wa habari wa Marekani aliyeshuhudia Mapinduzi ya Urusi ya 1917. Griffiths aliandika, wakabishana, na mswada ukaendelea kuandikwa upya na Beatty na watu wengine ambao majina yao hayakutokea kama waandishi. Reds ilitoka Desemba 1981, ikateuliwa kuwania Oscar 12, mojawapo ya mswada, na ikashinda tatu. Jina la Griffiths lipo pamoja na la Beatty. Ni filamu nzuri, na kwamba Hollywood ilitoa fedha kwa filamu ya zaidi ya saa tatu juu ya mkomunisti wakati Ronald Reagan yuko madarakani ni jambo la ajabu lenyewe. Lakini haikuwa tena ya mtu mmoja.

Chanzo hakikuwa ubaya wa mtu. Jukwaani, mwandishi huazimisha tamthilia: kundi linapata ruhusa ya kuionyesha, mali inabaki yake, na kwa desturi ya Uingereza neno halibadilishwi bila yeye. Kwenye filamu ya Marekani mwandishi huuza: studio inakuwa mmiliki na inaweza kumleta mwandishi wa pili, wa tatu, wa kumi. Runinga ya Uingereza ya enzi ya Play for Today ilikaa upande wa jukwaa, mwandishi ndiye aliyetangazwa kama mwenye kazi.

Kwa hiyo mkataba wako uusome ukiwa na swali hilohilo. Kenya, hakimiliki haihami kwa mdomo. Lazima kuwe na maandishi yaliyotiwa saini, na hiyo ni kinga yako mpaka siku utakapotia saini bila kusoma. Mpe haki ya runinga peke yake. Jukwaa, redio na kitabu viandikwe wazi kwamba vinabaki vyako. Weka muda, tuseme miezi 18 hadi 24: asipoanza kupiga picha, haki zinarudi kwako. Dai kwamba rasimu ya kwanza na marekebisho mawili yatafanywa na wewe kabla hajaleta mtu mwingine. Malipo yagawanywe: sehemu wakati wa saini, sehemu kwa muhtasari wa sehemu zote 13, sehemu kwa kila rasimu, na salio siku ya kwanza ya kupiga picha. Usikubali yote "baada ya kurushwa hewani". Siku hiyo haiko mikononi mwako. Na kila rasimu unayopeleka itume kwa barua pepe yenye tarehe, hata kama mnakaa mtaa mmoja.

Jingine ni muongozaji. Mwaka 1986 Griffiths aliandika Fatherland, ikaongozwa na Ken Loach. Wote wawili wa kushoto, wote wawili mahiri, na ndoa haikukaa vizuri. Griffiths huandika mazungumzo mazito yaliyosukwa. Loach anataka waigizaji wanaosikika kama hawajaandikiwa. Kukubaliana kisiasa hakukusaidia. Kabla hujafurahia kwamba muongozaji wako "ni mwenzetu", tazama kazi zake mbili na usikilize watu wake wanavyozungumza.

Kuhusu kurudi 1947: historia ni njia nzuri ya kupenya, na Griffiths aliitumia sana. Mwaka 1981 aliandika Country, familia ya matajiri wa kiwanda cha bia usiku wa uchaguzi wa 1945, watazamaji wakiwa chini ya Margaret Thatcher. Mwaka 1985 ikaja The Last Place on Earth, sehemu saba juu ya Mwingereza Scott na Mnorwe Amundsen kwenye mbio za kufika Ncha ya Kusini, ikimvua ushujaa Scott, mtu ambaye Waingereza walilelewa kumwabudu, miaka mitatu tu baada ya vita vya Falklands kati ya Uingereza na Argentina. Mtu akiuliza, ni hadithi ya theluji na mbwa. Lakini historia hudai gharama: mavazi, magari, na mitaa isiyo na nyaya za umeme wala antena. Mji wa Kale utakusaidia kwa baadhi ya picha, bandari ya leo yenye makontena haitakusaidia kwa lolote. Andika maonyesho mengi ya ndani: ofisi, duka, chumba cha kupanga. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, bado inakuhusu, na kuonyesha hadharani kunahitaji uainishaji wa KFCB, bodi ya uainishaji wa filamu Kenya. Mwachie prodyuza kazi hiyo kwa maandishi, lakini omba nakala ya kila barua inayotoka huko.

Na mradi ukikwama? Griffiths aliandika mswada wa filamu juu ya Thomas Paine, mwandishi wa mapinduzi wa karne ya 18, kwa ajili ya muongozaji Richard Attenborough. Filamu haikupigwa kamwe. Mswada ukachapishwa kama kitabu, ukageuzwa kuwa tamthilia ya redio BBC mwaka 2008, na 2009 ukapanda jukwaani Shakespeare's Globe kwa jina A New World. Tamthilia yake Oi for England ilikwenda njia ya kinyume: ilirushwa kwenye runinga 1982, kisha ikazungushwa kwenye vilabu vya vijana, mbele ya vijana walewale ambao makundi ya kibaguzi yalikuwa yakiwawinda. Hayo yote yanawezekana kwa mtu ambaye haki zake hazijafungiwa kwenye kabati la mtu mwingine.

Kabla ya kikao chako na prodyuza, andika kurasa mbili tu: sentensi tatu kwa kila sehemu kuanzia ya kwanza hadi ya 13, ya tatu ikiwa ni kile ambacho mtu amepoteza katika sehemu hiyo. Hotuba isionekane kabla ya sehemu ya nne. Ukikwama kwenye sehemu ya saba, ambako wengi hukwama, rudi kwa mwenye duka na daftari lake, uone ni jina la nani limeandikwa kwenye mstari wa mwisho.